Nani anaamua viishie hapa?

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, spika wazi, na mama mdogo alikuwa anakanda unga wa chapati. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 23 Juni 2025, kati ya Magharibi na Isha, nyumbani kwake Ngamiani, hapa Tanga. Mwanawe ni dereva Doha, Qatar. Ujumbe wake wa sauti ulianza kama siku zote.

"Shikamoo mama. Msije mkashtuka mkiona kwenye TV. Tumesikia vishindo, madirisha yametikisika, lakini tuko salama. Wanasema ni makombora ya Iran, yanakwenda kambi ya Wamarekani. Sisi hatuhusiki."

Chini ya maneno yake kikasikika kishindo kingine, kizito, cha mbali. Mtu akapiga kelele kwa Kihindi. Ujumbe ukakatika.

Saa za Doha na saa za Tanga ni moja. Mbingu alizokuwa anazitazama yeye zilikuwa zinawaka wakati uleule ambao sisi tulikuwa tunasubiri kikaango kipate moto.

Mama mdogo alifuta mikono kwenye kanga, akausikiliza tena ule ujumbe tangu mwanzo, kisha akanigeukia. Hakuuliza nani kaanza, wala nani ana haki. Aliuliza: "Sasa mwanangu, nani anaamua viishie hapa?"

Usiku uleule tukasikia kwamba hakuna aliyekufa kwenye ile kambi. Kesho yake yakatangazwa mapatano ya kusimamisha vita, na kijana akarudi kazini. Watu wakaendelea na mambo mengine. Mimi swali lile limekaa nami wiki zote hizi, na sasa naona bora niliandike.

Usiku wa makombora ya Al Udeid

Habari za vita vya zile siku kumi na mbili mnazo. Israel ilianza kuishambulia Iran tarehe 13 Juni, Marekani ikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan tarehe 22, na kesho yake Iran ikajibu kwa kurusha makombora Al Udeid huko Qatar, kambi kubwa kuliko zote walizo nazo Wamarekani katika eneo lile.

Kilichonishika mimi ni jinsi lile jibu lilivyotolewa. Iran ilitoa taarifa mapema. Qatar ilifunga anga yake kabla kombora la kwanza halijafika. Rais Trump mwenyewe alijitokeza hadharani akaishukuru Iran kwa kuwapa taarifa, kwa kuwa ndiyo iliyofanya pasiwe na mtu wa kufa.

Hebu tulifikirie jambo hili taratibu. Taifa limepigwa. Viongozi wake hawawezi kunyamaza, wananchi wao wanawatazama, na adui anawatazama zaidi. Lazima wapige. Lakini wakiua wanajeshi mia wa Marekani, Marekani nayo haitaweza kunyamaza. Basi wanatafuta pigo litakaloonekana kubwa kwenye televisheni na dogo makaburini, na wanahakikisha mpinzani anajua linakuja. Mpinzani naye anaamua kuhesabu kwamba yameisha.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa mama mdogo lilikuwa hili: anayeamua ni yule anayepigwa na kukubali kutorudisha. Nililiamini kwa siku kadhaa. Nililiona jibu zuri, lenye matumaini ndani yake, maana linasema hata mahasimu wakubwa wanaweza kuzungumza kwa mapigo yaliyopimwa.

Kisha nikakumbuka Januari 2020.

Wakati ule pia Iran ililipiza kwa kipimo. Marekani ilikuwa imemuua Jenerali Qasem Soleimani wa Iran huko Baghdad tarehe 3 Januari. Tarehe 8 Iran ikapiga kambi ya Ain al-Asad huko Iraki, na Wairaki walikuwa wamepewa taarifa kabla. Hakuna Mmarekani aliyekufa. Hesabu ilikwenda sawasawa kwa pande zote mbili.

Lakini alfajiri ileile, Tehran, askari wa makombora ya kutungulia ndege walikuwa macho, vidole kwenye vitufe, wakisubiri Marekani ijibu. Ndege ya abiria ya Ukraine ikapaa kutoka uwanja wa jiji hilo. Wakaiona kwenye rada wakadhani ni kombora. Wakaitungua.

Watu 176 walikufa. Wote.

Vita haikupanuka usiku ule, na bado watu wote wale walikufa ndani ya kile kinachoitwa jibu lililopimwa. Wakubwa walipima mapigo yao vizuri. Hawakupima hofu ya askari mmoja aliyekaa gizani na dakika chache za kuamua. Na niulize: ndege ile ingekuwa imejaa raia wa nchi yenye jeshi kubwa, iliyokuwa tayari na hasira, nani angeamua viishie hapo?

Makubaliano yaliyokuwa yailinde Tanga

Sisi wa Tanga hatuna sababu ya kulichukulia swali hili kama la watu wa mbali. Tumeshajibiwa mara moja, kwa damu, pale Raskazone, ufukweni mwa mji wetu.

Kila mtoto wa hapa amesimuliwa vita vya nyuki. Waingereza walikuja na meli, wakashuka na askari wao kutoka India, nyuki wakawatoa mbio. Tunacheka, tunaendelea na kahawa. Mimi sipendi tunavyoisimulia, kwa sababu inaanzia katikati. Sehemu inayonikosesha usingizi ni ile ya kabla ya nyuki.

Mrithi wa kiti cha mfalme wa Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mwezi mmoja baadaye Austria ikatangaza vita dhidi ya Serbia. Ugomvi wa nchi mbili, moja kubwa na moja ndogo, katika kona ya Ulaya ambayo hapa Tanga hakuna aliyekuwa na haja ya kuijua. Lakini Urusi ilikuwa nyuma ya Serbia, Ujerumani nyuma ya Austria, Ufaransa nyuma ya Urusi. Majeshi yao yalisafirishwa kwa reli, kwa ratiba zilizopangwa miaka kabla, na kila jenerali alijua kwamba atakayechelewa kuanza kupakia askari ndiye atakayeshindwa. Hivyo hata wale waliotaka kusubiri waliogopa kusubiri. Kufikia tarehe 4 Agosti Uingereza nayo ilikuwa ndani.

Wiki moja tu ilitosha kuugeuza ugomvi wa wawili kuwa wa dunia nzima.

Sasa tuje huku. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakutaka vita katika koloni lake. Alikuwa na hoja ya kisheria pia: Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa makoloni ya ukanda huu kutoingizwa kwenye vita vya Ulaya. Mwezi Agosti manowari ya Kiingereza ilipofika Dar es Salaam na kupiga mnara wa simu ya upepo, wakubwa wa pande zote mbili walipatana: Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe, na Wajerumani nao wasizitumie kivita.

Yaani watu waliokuwa hapa, walioujua mji huu na bandari yake, waliamua viishie hapo. Walikubaliana.

London ikakataa kuyaidhinisha yale makubaliano. Ubaya wake ni kwamba Wajerumani hawakuambiwa mpaka asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914, pale manowari Fox ilipoingia bandarini, nahodha wake, Caulfeild, akamwita mkuu wa wilaya na kumwambia kwamba mapatano yamefutwa na mji usalimishwe ndani ya saa moja. Nyuma yake baharini kulikuwa na msafara wa meli kutoka Bombay wenye askari wapatao 8,000.

Nimekuwa nikipita ile barabara ya kuelekea Raskazone tangu utotoni. Upande mmoja miti mikubwa na bustani, upande mwingine maji yametulia, na vijana wanarusha nyavu kama kwamba pwani hii haijawahi kuona lolote. Siku hizi nikipita pale nawaza juu ya wakazi wa Tanga ya asubuhi ile. Wenye vibanda, wavuvi, akina mama waliokuwa wanakwenda kisimani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa kitu. Mji wao ulikuwa umelindwa na makubaliano ya watu wawili ambao hawakuwa na mamlaka ya mwisho.

Hapo ndipo jibu langu la kwanza lilipoanguka. Haitoshi aliye karibu na moto akubali kuuzima. Kama mwenye amri yuko mbali na haungui, anaweza kuuwasha tena kwa telegramu moja.

Ushindi

Nahodha wa Fox aliogopa mabomu ya majini, akapoteza muda kuyatafuta. Muda ule ndio Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliouhitaji. Alipakia askari wake kwenye treni kule Moshi, wakateremka kwa ile reli ya Usambara mpaka Tanga. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4 Novemba. Jeshi lake lilikuwa dogo mno, kiasi cha askari elfu moja tu, wengi wao Waafrika, na likawashinda watu mara nane yao. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800, kwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Tarehe 5 walirudi melini.

Walipokimbia waliacha ufukweni bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha, na risasi zaidi ya nusu milioni.

Hapa nawaomba tusimame kidogo. Lettow-Vorbeck alikuwa amezingirwa. Bahari yote ilikuwa ya Waingereza, na silaha kutoka Ujerumani zilikuwa taabu kufika. Vita vyake vingeweza kukauka vyenyewe kwa kukosa risasi. Ushindi wa Tanga ulimpa risasi. Ulimpa pia jina, na imani ya askari wake kwamba inawezekana.

Vita viliendelea miaka minne mingine. Vilikwenda Kilimanjaro, vikateremka Rufiji, vikavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, vikarudi, vikaishia Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Hata waliovianzisha walipoamua viishe, huku vilikuwa bado vinatembea.

Na waliovibeba ni nani? Wapagazi. Mamia ya maelfu ya watu waliokamatwa vijijini wakabebeshwa masanduku ya risasi na magunia ya unga, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi chao. Tunanunua nyanya pale kila siku.

Tuna methali yetu ya mafahali wawili na nyasi. Naiheshimu, lakini kwa jambo hili siitaki. Nyasi huota tena mvua ikinyesha. Wale walikuwa watu wenye majina, wenye wake na deni la mahari ambalo halijalipwa, na mpaka leo majina ya wengi wao hayajaandikwa popote, ilhali maofisa wa Kizungu wana mawe yao.

Na sisi je, Kagera?

Kwa wiki nzima niliikwepa sehemu hii. Ni rahisi kulaumu London na Berlin. Lakini nchi yetu nayo imewahi kushika uamuzi uleule mkononi.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaikalia ardhi yetu ipatayo kilomita za mraba 1,800, kaskazini ya mto Kagera. Yaliua, yalipora, yalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akasema maneno ambayo wazee wetu wanayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Siwezi kuandika makala inayosema ilikuwa makosa. Sioni kwamba ilikuwa makosa. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kujitoa.

Ila Januari 1979 ardhi yetu yote ilikuwa imekwisha rudi. Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, ikatekwa. Na hapo swali la mama mdogo likasimama wima: viishie hapa?

Jeshi letu liliendelea. Masaka Februari. Gaddafi wa Libya akatuma askari wake kumsaidia Amin, na mwezi Machi Watanzania walikuwa wanapigana na Walibya kwenye matope ya Lukaya. Baadaye akamwonya Mwalimu aondoe majeshi yake Uganda. Mwisho wa mwezi uleule ndege ya Libya ikaja mpaka Mwanza. Mabomu yake yaliikosa shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Yangekwenda mita mia kadhaa upande wa pili, leo Mwanza ingekuwa na siku yake ya maombolezo, na sijui tungejibu vipi. Ugomvi wa mpaka mmoja wa Afrika Mashariki ulikuwa umefika Tripoli.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Mamilioni ya Waganda walipumua. Hilo nalo ni kweli, na ni zito.

Halafu tukaambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane. Mama yangu anasema alikuwa akiamka usiku kushika foleni ya sabuni hapa Tanga, na miezi kumi na minane ilipokwisha foleni ilikuwa imezidi. Gharama ya vita ile iliungana na mafuta yaliyopanda bei na mazao yaliyoshuka, na nchi ikaingia miaka ya themanini ikiwa imechoka kabisa.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu. Ninachokipata ni kwamba hata vita vya haki vina mahali ambapo unaweza kusimama, na pale mahali hapatangazwi. Mwalimu alipaona, akachagua kuvuka, akiwa na hoja kwamba kumwacha Amin ni kumsubiri arudi. Hoja hiyo inaweza kuwa sahihi. Lakini ni hoja ileile anayoisema kila kiongozi anayevuka: nisipommaliza leo, kesho atanirudia. Waliisema 1914. Ilisemwa Juni 2025. Tofauti kati ya anayeisema kwa haki na anayeisema kwa tamaa haionekani siku ile ya kuvuka. Huonekana baadaye, watu wakishakufa.

Jirani yetu anaungua

Nilitaka makala hii iwe ya Ghuba na ya 1914. Lakini siwezi kuandika kutoka Tanzania juu ya vita vinavyopanuka nikaruka Kongo.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliichukua Goma, mji wa mashariki ya Kongo. Katika mapigano ya siku zile vijana wetu wawili wa JWTZ waliuawa na wanne wakajeruhiwa, wakiwa kwenye kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, ambao nao walizika. Tarehe 8 Februari marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam. Wakawaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano kupanga namna ya kusimamisha mapigano. Siku tano zile hazikuwa zimepoa, Bukavu nayo ikaanguka.

Tazama nani walikuwemo mwaka 2025. Jeshi la Kongo. M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kwa mara kwamba wanasaidiwa na askari wa Rwanda, na Kigali ikajibu kwamba inachofanya ni kujilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo. Jeshi la Burundi, upande wa Kinshasa. Jeshi la Uganda, huko Ituri. Nchi hizi nne zote ni wanachama wa Jumuiya yetu moja, yenye makao makuu Arusha, umbali wa safari ya basi ya siku moja kutoka hapa ninapoandikia.

Na tumeshaona inavyokuwa. Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliwaingiza Rwanda na Uganda upande mmoja, Zimbabwe, Angola na Namibia upande wa pili, na wengine pembeni. Mapatano ya Lusaka yalitiwa saini 1999. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Rwanda na Uganda, walioingia kama marafiki, wakapigana wao kwa wao ndani ya mji wa Kisangani kwa siku sita. Mji haukuwa wao. Waliokufa nyumbani kwao walikuwa Wakongo.

Kisangani inanitisha kuliko Sarajevo. Sarajevo inaonyesha jinsi marafiki wanavyokuvuta vitani. Kisangani inaonyesha kwamba mkishaingia, hata urafiki uliowaingiza hauna kazi.

Lakini pia kuna hili. Tarehe 18 Machi 2025 Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda walikaa chumba kimoja, kwa mara ya kwanza tangu Goma ianguke, na chumba hicho kilikuwa Doha. Tarehe 27 Juni mawaziri wao wa mambo ya nje wakatia saini mapatano Washington. Tarehe 19 Julai serikali ya Kongo na M23 wakatia saini tamko la kanuni, Doha tena. Mji uleule. Chini ya mwezi mmoja tangu binamu yangu aone anga lake likiwaka, watu wa Qatar walikuwa mezani wakiwasuluhisha Wakongo.

Nilipowaza hilo niliona aibu kidogo kwa niaba yetu sote. Wao walikuwa wamerushiwa makombora, na bado walikuwa na nafasi ya kuwapokea majirani zetu. Sisi tuna lugha moja na Wakongo wa Goma. Mashariki yote ya Kongo inazungumza hiki Kiswahili ninachoandikia, na hata hivyo walilazimika kupanda ndege kwenda Ghuba kutafuta mtu wa kuwasikiliza.

Qatar haina jeshi kubwa. Ilichonacho ni tabia ya kupokea simu za kila mtu. Wamarekani wana kambi kwake, Wairani wana gesi inayoungana na yake chini ya bahari, na wote wawili wanajua kwamba wakituma neno kupitia pale, litafika kama lilivyotumwa. Usiku ule wa Juni ndivyo vilivyoishia. Palikuwa na mtu katikati ambaye simu yake ilikuwa inapokelewa pande zote, na alikuwa ameijenga imani ile miaka mingi kabla ya kombora la kwanza.

Hilo ndilo jibu nililolifikia, na nililipeleka kwa mama mdogo. Akaniuliza kama sisi tunaye.

Kuanzia Hoima mpaka Chongoleani

Msomaji wa Tanga anaweza kusema haya ni ya wanajeshi. Basi tuje kwenye ya kwetu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei za mafuta, na kuna safu ya Dar es Salaam, safu ya Tanga, safu ya Mtwara. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, serikali yetu ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili safu hizo zisipande zaidi. Mwaka 2025 kiasi cha moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani kilikuwa kinapita mlango wa bahari wa Hormuz, kando ya Iran. Mwezi Juni 2025 bunge la Iran lilipiga kura ya kuunga mkono kuufunga. Wakati ule haukufungwa. Ungefungwa, bodaboda wa hapa Ngamiani wangejua kabla ya wasomi.

Kisha kuna bomba la mafuta ghafi. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, hapo tu ng'ambo ya ghuba yetu. Tumelipokea kwa furaha, na ajira zake tunazihitaji. Lakini visima vyake viko kando ya ziwa Albert, na ng'ambo ya ziwa hilo ni Ituri. Kwa maneno mengine, mwisho mmoja wa bomba uko kwenye bandari yetu na mwisho mwingine uko dirishani pa vita. Reli ya Usambara ilijengwa kwa ajili ya katani na kahawa. Ikaja kubeba askari. Tangu mikutano ya kwanza ya fidia sijamsikia mtu akiuliza tutafanya nini Uganda na Rwanda zikigombana tena, safari hii kukiwa na mafuta njiani.

Kila baada ya miaka mitano tunapiga kura. Wagombea huja, husimama uwanja wa Tangamano, hutuahidi bandari, barabara na viwanda. Ninataka mmoja wetu ainuke aulize hivi: mheshimiwa, mapigano yakilipuka tena Kivu usiku wa leo, ni nani katika serikali yetu anayeweza kupiga simu Kigali, Kinshasa na Bujumbura, ikapokelewa kote kutatu kabla hakujapambazuka? Na mara ya mwisho alipiga lini?